Ukungu wa ukutani umerudi mara ya tatu, jiki imenishinda. Nifanyeje?

Msafiri_Kabatini
Wakuu, habari za humu.

Nilisafiri wiki sita nikaiacha nyumba imefungwa, madirisha yote na komeo. Siku niliyorudi, kufungua tu mlango wa chumba cha kulala nikapokewa na harufu ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye ndoo. Kuifuatilia ikanipeleka kwenye kabati la nguo. Nikalivuta. Ukuta wa nyuma yake umejaa madoa meusi, kama mtu kachovya brashi kwenye wino akaukung'utia hapo. Suti yangu ya sufi ina ungaunga mweupe mabegani. Viatu vya ngozi, jozi mbili, vimeota manyoya ya kijani. Mashati meupe yana vidoadoa vya kijivu kwenye kola. Rafu ya chini kuna vitabu, navyo vimeanza kunuka.

Mimi ni mtu wa pupa. Nikachukua jiki kavu kavu, bila tone la maji, nikaupaka ukuta. Nusu saa baadaye ukuta mweupe pe! Nikajipongeza. Siku ya tisa madoa yakarudi palepale. Nikapaka tena, yakarudi tena. Mara ya tatu nikazidisha hadi nikatoka chumbani nakohoa na kulia machozi, na leo asubuhi nayaona yanachungulia upya.

Naomba mnisaidie: kuna dawa kali kuliko jiki? Naweza kupaka rangi juu nikamaliza kesi? Na hizo nguo na viatu, ni vya kuokoa au vya kutupa?

Kijana_Mbishi
Paka rangi ya mafuta mikono miwili, rudisha kabati, kalale. Mnapenda kufanya mambo yawe magumu.

FundiPlasta
Mbishi, nusu ya kazi zangu zinatokana na ushauri kama huo wako, kwa hiyo sitakugombeza sana.

Mkuu Msafiri, usipake rangi. Rangi juu ya ukungu ulio hai haishiki. Itakaa wiki chache, kisha itavimba malengelenge na kubanduka maganda, na chini ya ganda utakuta ukungu umenona kuliko ulivyouacha. Na rangi ya mafuta ina ubaya wa ziada: kama maji yanatoka ndani ya ukuta, umeyazibia njia ya kutokea.

Kabla ya kukuambia dawa, nijibu. Huo ukuta upande wa pili ni nje, au ni chumba kingine? Kabati lilikuwa limegusa ukuta? Madoa yametawanyika sawasawa, au yameanzia sehemu moja, tuseme chini kwenye sakafu, kwenye kona au juu darini? Ni plasta ya saruji au ubao wa jipsamu? Kuna bafu au bomba nyuma yake? Ukungu hauwezi kuishi bila maji. Hewa imejaa mbegu zake muda wote, kwako, kwangu, kila mahali, wala huwezi kuzimaliza. Kinachoamua ziote au zilale ni unyevu. Sasa wewe umeua majani mara tatu na kumwagilia shina mara tatu, maana jiki yenyewe sehemu kubwa ni maji. Klorini yake inafanya kazi pale juu na kuisha nguvu, maji yanazama ndani ya plasta. Rangi ya doa inafutika ukadhani umeshinda, kumbe mizizi iko palepale na imenyweshwa.

Fanya kipimo hiki leo. Chukua karatasi ya alumini, kipande cha kama sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa. Weka kimoja katikati ya madoa na kingine kwenye kona ambako madoa ni mazito. Acha siku mbili. Halafu njoo utuambie maji yako upande upi wa karatasi: upande unaotazama chumba au upande uliogusa ukuta.

Msafiri_Kabatini
Fundi, ahsante. Ukuta ni wa nje, plasta ya saruji, kabati lilikuwa limeubana kabisa. Madoa yametawanyika, ila kona ya kushoto chini ni meusi tii. Na ndiyo, upande wa kushoto kuna bafu. Alumini nabandika sasa hivi.

Kemia_kwa_Wote
Wakati tunasubiri alumini, niseme kuhusu hizo machozi na kikohozi, maana mtu anaweza kusoma hapa akafanya kama mkuu Msafiri.

Jiki haitumiwi kavu, na haitumiwi chumba kimefungwa. Kikombe kimoja kwa lita nne za maji kinatosha na kisizidi hapo, madirisha wazi, glavu mkononi. Na haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Ukiichanganya na siki, au na dawa za kusafishia choo zenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Ukiichanganya na dawa za vioo zenye amonia inatoa kloramini. Zote mbili zinachoma mapafu. Hata kupaka siki kwanza na jiki dakika tano baadaye kwenye ukuta uleule ni kuchanganya.

Tena kwa ukuta wa plasta, mbao au kitu chochote chenye vinyweleo, mimi jiki ningeiacha kabisa. Kazi yake ni kwenye vitu vigumu visivyonywa maji: vigae, kioo, sinki, bati, plastiki. Huko inaua na inang'arisha.

Kijana_Mbishi
Nachanganya siki na jiki kila Jumamosi nasafishia bafu. Niko hai.

Kemia_kwa_Wote
Bafu lako lina dirisha kubwa?

Kijana_Mbishi
Lina tundu.

Kemia_kwa_Wote
Ndugu yangu, acha. Sikutishi. Kipimo cha gesi unayoipata kinategemea nguvu ya jiki, nguvu ya siki na ukubwa wa chumba, na hakuna Jumamosi ambayo vyote vitatu vinalingana na Jumamosi iliyopita. Tena unapoteza zote mbili: klorini inayopaa hewani ndiyo ambayo ingeua ukungu.

Bi_Sindano
Nguo niachieni mimi. Na kwanza tusahihishane: ukutani semeni ukungu au koga, lakini nguo yenye vidoadoa vile huitwa nguo iliyoingia kawa. Bibi yangu angesikia "shati lina ukungu" angeuliza kama limetoka mlimani.

Mashati meupe ya pamba. Usiyapige pasi, usiyaweke kwenye mashine ya kukaushia kabla doa halijatoka, joto hulikomaza. Yatoe nje uyakung'ute huko, siyo chumbani. Kisha yaloweke kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, pamoja na blichi ya unga isiyo na klorini, ile ya oksijeni; kwenye karatasi ya viambato utaona imeandikwa sodiamu pakaboneti. Ukishaifungua ndani ya maji inatoa oksijeni, na nguvu yake inaisha baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usiichanganye leo ukaitumie kesho. Loweka kwa muda wa saa sita au usiku mzima, fua kawaida, anika juani. Kawa ya siku chache itatoka yote. Ya miezi itapungua tu, urudie mara mbili tatu. Ikiwa kitambaa kimeshaliwa, yaani ukikivuta kinachanika kama karatasi, hapo hakuna dawa. Pamba ni chakula chao.

Nguo za rangi nazo hukubali blichi hiyo ya oksijeni, lakini jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani.

Suti ya sufi: jiki isiisogelee. Sufi na hariri ni protini, klorini inazila na kuziacha njano na ngumu. Hata hiyo ya oksijeni usiitumie kwake. Itundike nje penye upepo na jua la asubuhi, ikikauka kabisa ipige brashi laini kufuata nyuzi, halafu mpelekee dobi wa kusafisha bila maji na UMWONYESHE sehemu zilizoathirika. Ungaunga mweupe wa juu juu karibu kila mara hutoka wote.

Mama_Pacha
Bi Sindano, na ile mbinu ya ndimu na chumvi?

Bi_Sindano
Inafaa, mwanangu, kwa kidoa kimoja kwenye kitambaa cheupe. Unakamulia, unanyunyizia chumvi, unaanika juani mpaka pakauke, unasuuza. Kwa shati zima utamaliza shamba la ndimu.

Ngozi_Ngumu
Viatu. Nimeshona na kufufua viatu vingi vya namna hiyo, kwa hiyo nisikilize kwa makini hapa maana wengi huua ngozi wakidhani wanaua ukungu.

Toa kamba na soli za ndani, soli za ndani tupa. Ukiwa nje, futa manyoya kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kila kipande cha kitambaa ukikitumia mara moja kiweke pembeni, usikisugulie upande wa pili ukausambaza. Kisha changanya spiriti ya asilimia 70 na maji kiasi sawa, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza kisiginoni kwa ndani, maana spiriti inaweza kung'oa rangi. Ikiwa salama, lowesha kitambaa ukikamue, pitisha nje na ndani, hasa kwenye mishono, hapo ndipo wanapojificha. Jaza karatasi za gazeti ndani zinyonye maji, ubadilishe kesho yake.

Kaushia KIVULINI penye upepo. Wengi wanakosea hapa. Ngozi iliyolowa ukiianika jua kali inapoteza mafuta yake, inakakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunjia. Ikishakauka siku mbili hivi ndipo upake mafuta ya ngozi, kidogo. Polishi juu ya ngozi mbichi inafungia maji ndani.

Viatu vya suede, ile ngozi laini ya kusuguliwa, sheria ni nyingine: brashi kavu nje, spiriti kidogo sana kwenye pamba, na kukubali kwamba huenda alama ikabaki.

MzeeWaVitabu
Vijana, hamjambo. Kuhusu vitabu.

Msafiri_Kabatini
Shikamoo mzee.

MzeeWaVitabu
Marahaba. Kijana, kwanza viondoe hivyo vitabu mbali na vingine vilivyo vizima, leo hii. Usivifute kwa kitambaa kibichi, usivipulizie kitu. Karatasi ikinywa maji tu, umekwisha. Visimamishe wima, kurasa zimepanuka kama kipepeo, mahali pakavu penye hewa inayopita, siku tatu au nne. Ukungu ukikauka huacha kuwa kama uteute na kuwa kama vumbi. Hapo, ukiwa nje na barakoa usoni, pitisha brashi laini ya rangi kutoka kwenye mshono wa kitabu kuelekea nje. Usisugue mviringo, utalisukuma vumbi ndani ya nyuzi za karatasi.

Kama huna nafasi ya kuvishughulikia sasa, vifunge kwenye mfuko wa plastiki uviweke kwenye friza. Baridi haiui ukungu wote bali huusimamisha, nawe unapata muda wa kufanya kwa utulivu. Watunza nyaraka hufanya hivyohivyo baada ya mafuriko.

Vile vidoa vya rangi ya kutu vilivyozama kwenye karatasi havitoki. Visome hivyohivyo. Mimi ninavyo vyenye madoa hayo tangu nikiwa kijana, na nimevizoea kama makunyanzi yangu.

mpita_njia
Samahani kuingilia. Nimesikia ukungu mweusi una sumu na unaua. Msafiri ahame?

Kemia_kwa_Wote
Watu husema hivyo kwa sababu ya kuvu moja iitwayo Stachybotrys, ambayo ni nyeusi-kijani na hupenda jipsamu na karatasi zilizolowa siku nyingi. Lakini kuvu nyeusi ni nyingi. Cladosporium ni nyeusi, Aspergillus wengine ni weusi, na hayo madoa meusi-pinki ya bafuni mara nyingi ni Aureobasidium. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, wala rangi haikuambii hatari yake. Na katika ukoo wa Penicillium, hao wa kijani wanaopenda viatu, ndimo Alexander Fleming mwaka 1928 alipopatia penisilini. Rangi ileile, sifa tofauti.

Kwa watu wengi tatizo ni mzio: chafya, pua kuziba, macho kuwasha, na kwa mwenye pumu kubanwa kifua. Mwenye kinga dhaifu asikae kabisa humo wakati wa kusafisha. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitambui: ukungu uliokufa bado unaleta mzio. Kwa hiyo kuua haitoshi, lazima uuondoe. Mtu akipaka dawa ukuta ukawa mweupe na asiufute, amebakiza maiti ukutani.

Kuhusu ukubwa, EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, huchukulia kwamba eneo lisilozidi futi 10 za mraba, kama mita moja ya mraba hivi, mtu anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au ikiwa ni maji ya majitaka, tafuta mtu wa kazi hiyo.

Mama_Pacha
Jamani na mimi nina yangu. Bafuni, ule mpira mweupe wa silikoni unaozunguka sinki umekuwa mweusi, nimesugua mpaka brashi imeota kipara. Na godoro la watoto lina madoa upande wa chini.

FundiPlasta
Dada, silikoni hiyo weusi uko ndani yake, si juu, ndiyo maana brashi haifiki. Jaribu mara moja tu: sokota pamba ndefu kama utambi, ichovye kwenye jiki iliyochanganywa na maji, ilaze juu ya mstari wote, ifunike kwa plastiki isikauke, iache saa kadhaa, dirisha wazi na watoto mbali. Suuza. Ikiwa weusi umebaki, usipoteze jasho. Kata silikoni yote kwa wembe, safisha mfereji wake, uache ukauke siku nzima ndipo uweke mpya. Ukiweka mpya kwenye maji utarudi hapa baada ya miezi miwili.

Yale madoa ya katikati ya vigae ni rahisi zaidi, jiki iliyopunguzwa na mswaki mkuukuu, dakika kumi, suuza. Vigae vyako kama ni marumaru halisi ya jiwe, siki isiguse, asidi inalila jiwe na kuliacha na makovu.

Bi_Sindano
Godoro, mwanangu: madoa yakiwa kwenye kitambaa cha juu tu, lisimamishe juani siku nzima, geuza, piga brashi ukiwa nje, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, lianike tena. Ukiona yameingia kwenye sponji, au ukilikalia harufu inatoka, litupe. Sponji huwezi kuisafisha ndani, na mtoto anaivuta hewa hiyo kwa muda wa saa tisa kila usiku. Halafu tazama chini ya kitanda: godoro lililolazwa sakafuni, au juu ya ubao usio na nafasi, linatokwa jasho kwa chini. Chaga zikae mbalimbali hewa ipite.

Msafiri_Kabatini
Nimerudi na matokeo ya alumini!

Kipande cha katikati: upande wa chumba umelowa kama chupa iliyotoka kwenye friji, upande wa ukuta mkavu. Kipande cha kona ya kushoto: upande wa chumba una unyevu kidogo, ila nilipokibandua, nyuma yake maji yalitiririka. Maana yake nini?

FundiPlasta
Maana yake una wagonjwa wawili kitanda kimoja. Ndiyo maana nilitaka vipande viwili.

Katikati ni jasho la hewa. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikigusa ukuta na kupoa hadi nyuzi 20, inabeba kama gramu 17 tu. Zinazozidi hazina pa kwenda, zinaanguka ukutani. Ukuta wako ni wa nje, unapoa usiku, na nyuma ya kabati hakuna hewa inayopita kuupasha au kuukausha. Wala si lazima uone matone: unyevu wa pale usoni pa ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 siku nyingi, ukungu unaota. Wewe ulifunga nyumba wiki sita.

Kona ni maji yanayotoka ndani. Kushoto kwake kuna bafu, kwa hiyo ni bomba au vigae vilivyopasuka. Nenda kwenye mita ya maji, funga bomba zote za nyumba, soma namba, usitumie tone kwa saa mbili, soma tena. Ikiwa imesogea, bomba linavuja. Ikiwa haijasogea, shuku mahali maji ya kuogea yanapopita: viungo vya vigae, kichujio cha sakafuni, bomba la kutolea maji machafu, maana hayo hayapiti kwenye mita.

Kona usiiguse kwa dawa yoyote hadi uvujaji uzibwe na plasta ikauke. Na plasta haikauki siku mbili. Rudia alumini kila wiki, siku ikitoka kavu nyuma ndipo uanze.

Katikati unaweza kusafisha kesho. Ondoa vitu vyote, funga mlango wa chumba, fungua dirisha, ZIMA feni, maana feni itasambaza mbegu nyumba nzima. Barakoa ya N95, siyo ya kitambaa, na miwani na glavu. Lowesha madoa kwa maji ya sabuni kwanza, usisugue ukuta mkavu. Sugua, futa kwa vitambaa vya kutupa, badilisha maji yakichafuka. Baada ya hapo pulizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, acha dakika kumi, futa, kausha. Huna peroksaidi, siki nyeupe bila kuizimua na uiache saa moja, ingawa kuna kuvu zinazoivumilia. Feni washa baada ya kumaliza kufuta, ielekeze dirishani.

Rangi ni baadaye, ukuta ukishakaa mkavu. Plasta hupumua, kwa hiyo chagua rangi ya maji.

mpita_njia
Swali la kijinga: nitajuaje ni ukungu na si uchafu tu au moshi?

FundiPlasta
Si la kijinga. Dondosha tone la jiki juu ya doa. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, huenda ni ukungu. Likibaki jeusi, huenda ni uchafu. Na kama ni kitu cheupe kama chumvi kinachochipua kwenye plasta au matofali, kinyunyizie maji: kikiyeyuka ni chumvi ya ukuta wenyewe, si kitu chenye uhai. Lakini nayo inakuambia kuna maji yanapita ndani.

Mama_Pacha
Na mashine ya kufulia? Nguo zinatoka zinanuka kuliko zilivyoingia.

Kemia_kwa_Wote
Funua ule mpira wa mlangoni, ndani ya mkunjo wake. Utakachokiona hutakisahau. Futa, toa droo ya sabuni uisugue kwa brashi, endesha mzunguko mmoja mtupu wa nyuzi 60 au zaidi, kisha kila ukimaliza kufua acha mlango wazi. Na punguza sabuni. Sabuni isiyosuuzika ni chakula chao.

Halafu nyote mnaoanika nguo chumbani: mzigo mmoja wa nguo uliotoka kwenye mashine unaweza kuacha hewani kama lita mbili za maji. Zinakwenda wapi? Nyuma ya kabati la Msafiri.

Msafiri_Kabatini
Hilo la kuanika chumbani… nilikuwa nafanya. Nakaa kimya.

Msafiri_Kabatini
Wakuu, wiki ya sita leo, nimeona si adabu kupotea bila mrejesho.

Mita haikusogea, kama Fundi alivyoshuku. Ilikuwa kiungo cha bomba la kutolea maji ya kuogea, kila mtu akioga, maji kidogo yanapita ukutani. Kimebadilishwa. Kona ilichukua wiki nne hadi alumini ikatoka kavu, na nikiri kwamba wiki ya pili nilishaishika chupa ya jiki mkononi.

Katikati nilisafisha kwa sabuni na peroksaidi, haijarudi. Kabati sasa liko sentimita 10 kutoka ukutani, nimetoboa matundu mgongoni mwake. Nimenunua kipima unyevu. Siku ya kwanza kilisoma asilimia 74 asubuhi, nikawa nafungua madirisha mawili yanayotazamana nusu saa asubuhi na jioni, nguo naanika nje. Sasa kinacheza kati ya 52 na 58. Siku za mvua kinapanda, sifungui.

Mashati yamepona, moja lina kivuli kwenye kola. Suti imerudi kwa dobi kama mpya. Viatu: jozi moja imepona. Ile nyingine niliianika juani kabla sijasoma ujumbe wa Ngozi_Ngumu, imepasuka pale pale alipotabiri. Vitabu viwili nimetupa, vingine vina madoa ya kutu, navizoea.

MzeeWaVitabu
Umefanya vema. Hivyo viwili ulivyotupa ulivifunga kwenye mfuko kwanza?

Msafiri_Kabatini
Nilivifunga, mzee.

Ngozi_Ngumu
Lete hiyo jozi iliyopasuka tuone kama inachukua kiraka.

Kijana_Mbishi
Fundi, nina swali la rafiki yangu. Alibandika alumini kwenye ukuta wa sebuleni, ule aliopaka rangi ya mafuta mwaka jana.

FundiPlasta
Rafiki yako amekuta maji upande upi?

Kijana_Mbishi
Nyuma.

FundiPlasta
Na rangi?

Kijana_Mbishi
Imekuja na alumini.